Grupu limefurika, tugawane au tubanane humuhumu? Soma kabla hujashika kisu

Wadau habari za saa hizi, shikamooni wakubwa. Kuna kaka kanifuata inboksi juzi, ana grupu la mafundi wa umeme, anasema wamefika watu 900 na kitu, meseji zinamiminika mpaka simu inaisha chaji saa sita mchana, wenzake wanamsukuma aligawe vipande vinne na yeye hajui aanzie wapi. Nikaanza kumjibu nikaona jibu linazidi kurefuka, na hili swali naulizwa sana, basi nikaona niliandike hapa mara moja yaishe. Mwenye haraka aruke mpaka chini kwenye kugawa kwenyewe, ila akiharibu asije kunilaumu.

Mi ni admini wa grupu la wafugaji wa kuku. Tulianza WhatsApp ikiwa inaruhusu watu 256 tu, enzi hizo ukitaka kuingia unasubiri mtu alefti, watu walikuwa wananipigia simu kuulizia nafasi kama wanatafuta kiwanja. 2022 wakaongeza ikawa 512, mwaka haujaisha ikawa 1,024, na sisi bila kufikiri tukafungua mlango tukajaza. Si unajua tena, penye wengi pana mengi. Nimeligawa mara mbili, ya kwanza niliharibu kabisa, ya pili limetulia, kwahiyo ninayosema humu nimeyalipia.

Usiku wa vifaranga

Ilikuwa saa nne usiku na kitu, mama mmoja wa Chanika akarusha video ya vifaranga vyake vya siku tano. Mvua inapiga kwenye bati mpaka sauti yake unaisikia kwa shida, vifaranga vimepandana kona moja ya bruda, pale pa kulelea vifaranga kwa joto, kama mtu kamwaga rundo la pamba ya njano, na yeye anauliza, "Jamani nifanyeje, vya chini vinakufa." Jibu la swali hilo ni la dakika mbili. Vifaranga vikipandana hivyo ni baridi, unaongeza joto, unavitawanya taratibu kwa mkono, unaziba pale upepo unapoingilia, unazungushia kadibodi ili kusiwe na kona ya kujibanza. Mfugaji yeyote aliyelea mara tatu nne analijua. Ila chini ya ile video, dakika hiyohiyo, zikaingia picha sita za gari linauzwa, ua lenye maandishi ya usiku mwema, mabishano ya Simba na Yanga yaliyoanza tangu saa kumi na mbili jioni, na dua ndefu ambayo mtu kaambiwa awatumie watu kumi. Mi video nimeiona asubuhi saa moja. Nikamtafuta pembeni nikamwambia mama pole, vipi hali. Akanijibu, "Mwanangu usihangaike, nimeshafukia." Alikuwa ameanza na mia, amebakiwa na thelathini na kitu.

Basi siku hiyo nikaapa, hili grupu linagawanywa. Na hapo ndo nikakosea, na nimekuja kuona ni kosa la mfugaji mgeni kabisa. Mgeni akikuta vifaranga vimepandana kona anasema banda dogo, anakimbilia kujenga jingine. Kumbe banda ni kubwa tu, nafasi imejaa kule upande wa pili, tatizo ni baridi. Unaweza ukavihamishia kwenye ukumbi wa harusi na bado vitapandana kona. Grupu letu nalo hivyohivyo, tatizo halikuwa wingi wa watu.

Chukua daftari kabla ya kitu chochote

Usigawe grupu kwa hisia, wala kwa sababu watu watano wenye makelele wamesema tugawane. Fanya hivi, na nakuomba ufanye kweli maana kila mtu ananiitikia sawa mkuu halafu hafanyi. Chagua siku tatu zilizopita, mbili za kazi na moja ya wikiendi, panda juu usome meseji moja moja, na kwenye daftari uandike vitu vinne: maswali ya kweli yalikuwa mangapi, mangapi yalijibiwa, nani alijibu, na ilimchukua muda gani. Vilivyobaki vyote, salamu, stika, forwadi, matangazo, mabishano, hesabia kwenye fungu moja kubwa liite takataka, hata kama kuna za kwako. Za kwangu zilikuwepo, tena nyingi.

Itakuchukua jioni mbili. Mi nilikaa kibarazani na mke wangu akadhani nina shida nyingine.

Daftari langu liliniaibisha. Meseji za kuku, yani kuku kweli, hazikufika hata nusu. Na kwenye wale waliojibu maswali ya kazi, majina yalikuwa yaleyale tisa. Watu tisa ndani ya grupu la karibu elfu. Bibi mmoja wa Kibaha ambaye amefuga tangu sisi tuko shule ya msingi, daktari wa mifugo mmoja ambaye hatumlipi hata senti, kijana wa Goba anayetotolesha, na wengine wa aina hiyo. Hao tisa ndo grupu. Sisi wengine wote tumekaa kwenye mkeka wao.

Hapo sasa ndo unaanza kuona kwamba swali la "tuko wangapi" halina kazi. Telegram inaruhusu mpaka watu 200,000 kwenye grupu moja na kuna magrupu makubwa kule yametulia tuli, na kuna magrupu ya ukoo ya watu arobaini hayakaliki. Kwenye vikoba sawa, idadi ni jambo la kufa na kupona, watu thelathini hivi na wanajigawa watano watano, kwa sababu pale kila mtu anamdhamini mwenzake kwa hela yake na lazima umjue mpaka kwake. Kwenye maongezi hakuna anayemdhamini mtu. Angalia kama swali linapata jibu, na linalipata kabla kuku hajafa.

Fagio kwanza

Kama daftari lako limetoka kama langu, usigawe bado. Fagia. Mara nyingi ukifagia vizuri unakuta kile kiu cha kugawana kimeisha chenyewe na umejiokolea miezi ya maumivu.

Matangazo yapewe siku. Kwetu ni Jumamosi tu, saa kumi na mbili asubuhi mpaka usiku, uza mayai, uza mbolea, uza gari lako, siku nyingine ukirusha linafutwa na hakuna kuulizana. Mwanzo watu walinuna, sasa hivi Jumamosi imekuwa kama gulio, wateja wanaisubiri. Salamu za asubuhi tulizifuta kwa adabu kwa kumuomba mzee mmoja anayeheshimika aziseme yeye kwa niaba ya wote, akitoka hapo mada ya kazi. Ukimkataza mtu mzima asisalimie bila kumpa njia nyingine utaambiwa umekosa malezi, na watakuwa hawajakosea sana.

Kubwa kuliko yote, wafundishe watu kuuliza. Mtu anaandika "kuku wangu anaumwa msaada plz" halafu anapotea, kunakuja meseji kumi na tano za kumuuliza anaumwaje, wa umri gani, na yeye yuko sokoni simu kaacha kwa mtoto. Nusu ya kelele za grupu letu zilikuwa hizo. Tukaweka utaratibu, ukiuliza taja kuku wa aina gani, wana wiki ngapi, wako wangapi, wameshapata chanjo zipi na lini, kinyesi kina rangi gani, na picha moja inayoonekana. Tukabandika juu. Kumbuka tu pini ya WhatsApp ina muda wake, masaa 24, siku 7 au siku 30, ikifika inadondoka yenyewe, mi nimeweka alamu ya kila mwezi kuirudisha.

Na zamu. Hili ndo lingemuokoa yule mama na wala halihitaji grupu jipya. Tuliwaomba wale tisa, kila usiku mmoja wao asiizime sauti ya grupu, saa mbili mpaka saa sita. Saba wakakubali, kila mmoja usiku wake. Tunawachangia bando, sio hela kubwa, ila mtu akiona anakumbukwa anakaa macho.

Subiri mwezi mzima. Rudia daftari. Kama maswali yanajibiwa, funga kesi, rudi kwenye kuku wako.

Nilivyoharibu mara ya kwanza

Mi sikusubiri mwezi, sikuwa hata na daftari bado, hilo nililifanya baadaye nikiwa nalia. Baada ya ule usiku wa Chanika nilikaa wikiendi moja nikachora mgawanyo mzuri kwenye karatasi, nikajiona waziri. Magrupu saba: broila wa nyama, leya wa mayai, kienyeji, chotara, bata na kanga, halafu la Dar na Pwani, na la mikoani. Jumatatu nikamwaga linki zote saba nikaandika kila mtu aende panapomhusu, na grupu mama nikalifunga admini tu ndo aongee.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Utulivu! Watu wananishukuru. Wiki ya tatu nikaanza kusikia kimya cha aina nyingine.

La bata na kanga lilikufa mapema, watu 22, mara ya mwisho mtu aliuliza dawa ya minyoo na swali likakaa siku kumi na moja bila jibu mpaka akajijibu mwenyewe "nimepata asanteni." La kienyeji likawa zuri sana kwa sababu bibi wa Kibaha aliamua kukaa huko, na wengine wote wakaanza kumfuata wakiwa na maswali ya broila, nikawa nawafukuza kama mgambo wa soko. La broila ndo lilinitisha. Broila ni wiki nne mpaka sita unauza, kwahiyo ndo mlango wa wanaoanza, mtu kapata vijisenti anaweka mia mbili anaona atatajirika. Likajaa wageni watupu, kipofu anamshika mkono kipofu. Siku moja kijana kauliza namna ya kuchanganya chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima, ile ya kuwekwa kwenye maji, mwenzake kamjibu kwa kujiamini kabisa weka maji ya bomba hayohayo tu. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yanaua chanjo, kuku anakunywa maji matupu, wewe unaandika kwenye daftari siku ya 7 nimechanja na unalala usingizi. Kwenye grupu la zamani meseji kama ile isingemaliza dakika tano bila mtu mzima kupiga kelele. Hapa ilipigiwa dole gumba na watu wanne.

Umeona kilichotokea? Nilikuwa na wajuzi tisa, nikawagawa kwa saba. Kila chumba kimebaki na mmoja na robo, na vyumba vingine hamna kabisa. Mada zinagawanyika kwenye karatasi, ila wanaojibu ni binadamu, wana kazi, wana watoto, hawawezi kukaa vyumba saba. Nilipowauliza wawili waliolefti wakaniambia walichoka kufungua fungua, wakaona bora watoke kote.

Watu wa zamani walilijua hili. Kabla ya haya magrupu ya simu kulikuwa na Usenet, imetoka chuo cha Duke kule Marekani 1979 na 1980, mabaraza ya maongezi kwenye kompyuta. Kule kwenye mabaraza makuu hukuweza kujifungulia baraza jipya ukiamka asubuhi. Unaandika pendekezo, linajadiliwa, halafu kura, na sharti likawa kura za ndiyo zizidi za hapana kwa 100 kamili au zaidi, na ziwe theluthi mbili ya kura zote. Nilipokuwa mdogo kwenye haya mambo niliona ni urasimu tu. Sasa naelewa, zile kura mia zilikuwa kipimo cha kama kuna watu wa kutosha kukaa kwenye hicho chumba baada ya sherehe ya kukifungua. Ndo maana baraza la wanyama wa kufuga nyumbani likazaa la paka na la mbwa na yote yakawa na watu, maana waliokuwepo walikuwa tayari wanatosha.

Kuna mwingine ataniuliza, mbona JamiiForums tangu enzi za Jambo Forums 2006 ina majukwaa kibao, siasa kivyake, elimu kivyake, mapenzi kivyake, na inaenda? Inaenda kwa sababu kule vyumba vyote viko chini ya paa moja. Unaingia mara moja, unaona vichwa vya habari vya huku na kule, mtu wa siasa akichoka anajikuta kwenye mapenzi bila kuomba linki kwa mtu, na mgeni anasoma ya miaka kumi nyuma. Magrupu ya WhatsApp kila moja ni nyumba na mlango wake na ufunguo wake. Ile huduma ya jumuiya waliyoleta mwishoni mwa 2022 imesaidia kidogo, unayaweka magrupu yako chini ya mwavuli mmoja na tangazo la admini linafika kote, Telegram nao wakaleta mada ndani ya grupu mwaka huohuo. Kama watu wako wana simu za kuwezesha na hawaogopi kitu kipya, mada za Telegram ni dawa nzuri kuliko kugawa. Wa kwangu niliwajaribu, wakahama kumi na tisa.

Dalili kwamba kweli kisu kinahitajika

Kuna wakati fagio halitoshi, nisikudanganye. Dalili ya kwanza ni jibu la huyu linapomuumiza yule. Kwetu ni chakula. Mwenye leya akisema "nawapa layers mash wanapendeza" na mwenye vifaranga akasoma akawapa, chokaa iliyomo inaharibu figo za vifaranga. Kwa mafundi umeme naona inaweza kuwa wa majumbani na wa viwandani, mtu anashauri waya wa taa kwa mtu anayefunga mota. Hapo maneno yaleyale yana maana mbili na kukaa chumba kimoja ni hatari.

Ya pili ni watu wasioongea. Akina mama kwetu walikuwa hawaulizi mambo ya mikopo ya kikundi mbele ya wanaume fulani. Hawakulalamika, walinyamaza tu, nimekuja kujua kwa kuambiwa na dada yangu. Watu wakihitaji chumba chao cha faragha wape, na usiombe kuwa admini humo.

Ya tatu, na hii ndo iliyotuhusu sisi hasa, ni mwendo. Kuna maongezi ya haraka na maongezi ya polepole. Vifaranga vinakufa usiku huu ni haraka, fimbo ya mbali haiui nyoka. Bei ya soya na dagaa itakuwaje baada ya Ramadhani ni polepole, unaweza ukajibu kesho kutwa. Ukiviweka pamoja vya polepole vinavifunika vya haraka kila siku, kwa sababu ndo vitamu na kila mtu ana la kusema.

Kugawa kwenyewe

Mara ya pili tuligawa kwa mwendo, sio kwa aina ya kuku. Grupu mama likabaki hivihivi na jina lake, watu wote, maongezi yote. Pembeni tukafungua moja tu la dharura, hakuna salamu, hakuna asante, hata stika ya pole inafutwa, swali kwa ule utaratibu na jibu basi. Miezi miwili baadaye ndo tukafungua la soko, baada ya Jumamosi kuzidiwa. Basi. Mawili yamezaliwa, mama yuko hai.

Namna ya kufanya, kwa ulivyo mtiririko wetu sisi. Anza kwa wajuzi, mmoja mmoja, kwa simu, sio kwa meseji ya jumla. Unampigia bibi, shikamoo bibi, habari za kuku, tunataka kufanya moja mbili tatu, wewe utakaa wapi? Usiulize unaonaje, uliza utakaa wapi. Nilipata wanne wa dharura. Kanuni yangu sasa ni kwamba chumba kikikosa wajibuji watatu wa uhakika hakifunguliwi, hata watu mia tano wakikililia.

Kura ya grupu zima piga, WhatsApp ina kura tangu 2022, ila usiulize mnataka tugawane ndiyo au hapana, kila mtu atasema ndiyo akidhani wanaotolewa ni wengine. Uliza, nani ataingia grupu la dharura na atakubali kutoliweka kimya? Zikaja sauti 140. Hao ndo wa kuanza nao.

Usimvute mtu kwa nguvu. Kumuingiza mtu kwenye grupu bila kumuuliza ni kumuingilia ndani na viatu. Weka linki, mwenye kutaka aingie, iache wiki mbili, irudishe, basi. Na usigawe mwisho wa mwezi, msimu wa sikukuu au wakati kuna mlipuko wa kideri, watu hawana kichwa cha kujifunza mlango mpya.

Tangazo liandike kama unaongea na watu unaokaa nao. La kwetu lilikuwa hivi, ukitaka libebe:

"Ndugu zangu wafugaji, shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Hakuna anayefukuzwa na hili grupu halifungwi. Kuna wenzetu wamepoteza kuku usiku kwa sababu swali lilizama. Tumefungua chumba kidogo cha dharura tu, linki iko chini. Ukiwa na kuku mgonjwa ingia uliza, ukipata jibu unaweza ukatoka, hutaonekana umegomba. Tunajaribu miezi mitatu, isipofaa tunarudi hapa wote. Mwenye neno aniambie mimi pembeni au hapahapa, sitakasirika."

Hiyo ya miezi mitatu ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana bila tarehe ya kurudi watu wanaona ni talaka. Hata ukiandika vizuri hivyo yatasemwa. Niliambiwa nataka kuuza grupu kwa watu wa dawa, nikaambiwa nimebagua wa kienyeji, mzee mmoja akaandika kwa herufi kubwa kwamba ubeberu ulianza hivihivi kwa kugawa. Usijibishane mbele za watu. Mpigie. Yule mzee nilimpigia, nikamkuta ana shida tu ya macho, haoni linki ziko wapi.

Misiba iende wapi

Hili hakuna aliyenifundisha na ndo lililoniumiza. Kwenye ule mgawanyo wa kwanza wa saba, mwenzetu mmoja alifiwa na mkewe. Taarifa ikawekwa kwenye grupu la leya alikokuwa yeye, watu sitini hivi, wakachanga walichochanga. Wengine tuliokuwa naye miaka hatukujua. Mi nimekuja kukutana naye dukani nanunua maranda, nikamuuliza mama hajambo? Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Admini, tumeshafanya arobaini."

Sasa hivi, kabla sijafungua chumba chochote naandika kwanza msiba, ugonjwa, harusi na rambirambi vinaingia wapi, na jibu ni kwa grupu mama, siku zote, na admini wa kila chumba ana kazi ya kuzipeleka huko ndani ya saa moja. Grupu la kazi likikaa miaka linakuwa ndugu, utake usitake, na ndugu hawagawiwi kwa aina ya kuku.

Chumba kikifa

Ukiona chumba kimekaa wiki tatu hakuna swali lililojibiwa, kifunge, usione aibu. Ila usilefti ukaacha mlango wazi, utakuta baada ya miezi miwili kimejaa watu wa mikopo ya mtandaoni. Weka admini tu ndo aandike, weka linki ya kurudi kwa mama kwenye maelezo ya grupu, kiache mwezi mmoja watu wachukue vitu vyao. Na wewe panda juu, okota vya maana uvipeleke nyumbani. Mi nilifunga lile la chotara haraka haraka na ndani yake kulikuwa na ratiba ya chanjo aliyoiandika daktari wetu kwa mkono akapiga picha, kideri siku ya 7, gumboro ya 14, kideri tena 21, gumboro 28, na maelezo pembeni ya maji na muda wa kuwaweka kuku na kiu. Nilihangaika wiki nzima kuitafuta, nikaipata kwenye simu ya mtoto wa bibi wa Kibaha.

Yule kaka wa mafundi nilimwambia afanye daftari kwanza. Jana usiku kanitumia picha ya kurasa nne, kaandika vizuri kweli, siku tatu, kila meseji. Karibu theluthi yote ni mafundi wawili wanabishana kuhusu ethi (waya wa ardhini) ya nyumba moja ambayo wote wawili waliwahi kuifanyia kazi, mmoja baada ya mwenzake. Nikamwambia awafungulie hao wawili grupu lao.